Mashine Iliyonuka Papa

Nyumbani kwa Restuta, pale Somanga, sebuleni kulikuwa na mgeni. Mgeni huyo hakula wala hakusema. Alisimama juu ya kigoda cha mbao, karibu na kochi, amefunikwa khanga kuukuu. Alikuwa mashine ya boti.

Msomaji, usicheke. Mashine ile ilitunzwa kuliko watu wa nyumba ile. Mvua ikinyesha na bati likivuja, ndoo iliwekwa kwanza karibu na mashine. Jerome, mume wa Restuta, alilowa kitandani akanyamaza.

Mashine haikuwa yao. Ilikuwa mali ya kikundi cha akina mama wanaolima mwani. Jerome aliiendesha tu, kuwapeleka akina mama shambani baharini na kuwarudisha. Kila mwaka mama mmoja alichaguliwa kuitunza nyumbani kwake. Mwaka ukiisha, aliikabidhi kwa mwenzake mbele ya wanachama wote. Siku hiyo ilikuwa sherehe. Mashine ilifungwa kwenye boti, akina mama wakapanda na khanga mpya, wakazunguka mara moja baharini kwa vigelegele.

Mwaka huu mtunzaji alikuwa Restuta. Yeye na Jerome walitoka Newala miaka sita iliyopita. Alipochaguliwa, wengine walinung'unika.

"Watu wa bara hao. Mashine ya boti wanaijulia wapi?"

Bi Somoe, mwenyekiti wa kikundi, aliwakatiza. "Mpeni. Akiharibu, mnilaumu mimi."

Maneno hayo Restuta hakuyasahau hata siku moja. Alikuwa akifagia, anayakumbuka. Alikuwa akisonga ugali, anayakumbuka.

Ndiyo maana kila Ijumaa alifanya kama Bi Somoe alivyomfundisha. Alichukua chupa ya mafuta ya papa, akalowesha kitambaa, akaipaka mashine yote mpaka ikang'aa. Marehemu mume wa Bi Somoe alikuwa fundi wa boti za mbao. Boti zake alizipaka mafuta ya papa, nazo zilidumu. Bi Somoe akasema kinachofaa boti kitafaa na mashine. Basi watunzaji wote walifanya hivyo, mwaka hadi mwaka.

"Mama, sare yangu inanuka papa," alilalamika Theresia, binti yao wa darasa la sita. "Wenzangu wanahama dawati!"

"Vumilia, mwanangu. Zimebaki wiki mbili tu tukabidhi."

Kumbe wiki mbili zile zingekuwa ndefu.

Jumamosi moja Restuta alifunua khanga ili apanguse vumbi. Akaona jambo. Kwenye mguu wa mashine, yaani ile sehemu ya chini inayozama majini, rangi ilikuwa imevimba malengelenge. Aligusa lengelenge moja kwa ukucha. Likapasuka. Ndani mlikuwa na unga mweupe, na chini ya unga kulikuwa na vishimo vidogo.

"Baba Theresia! Njoo uone!"

Jerome alikuja, akainama. "Kutu hiyo. Inapakwa rangi, inakwisha."

"Una uhakika?"

"Mke wangu, rangi ni rangi. Ile nyekundu ya tumbo la boti imebaki nusu mkebe. Inazuia vidudu vya baharini visile mbao. Itashindwa na kamguu haka?"

Jerome alipaka siku ileile. Hakuosha wala hakupiga msasa. Alipaka mguu wote. Pembeni ya mguu kulikuwa na kipande cha madini cha kijivu, kimelikalika vibaya. Hicho alikipaka mara mbili, kwa huruma. Mashine ikawa nyekundu, inapendeza. Restuta akapumua.

Jumatatu na Jumanne walikwenda kuvuna mwani. Jumanne mchana Jerome aliibeba mashine nyumbani begani. Restuta alikimbia kuitazama. Rangi ilikuwa inabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Vipande vingine vilikuwa vimeshaachwa baharini.

"Mama yangu! Jerome, tumeiua mashine ya watu!"

Jerome alikaa kwenye kochi, akajifuta jasho. Makabidhiano yalikuwa Jumamosi ya wiki inayofuata. Restuta alihesabu kwa vidole. Siku kumi na moja.

"Sikiliza," Jerome alisema kwa sauti ya chini. "Ijumaa ile, siku moja kabla, napaka tena. Haitabanduka kwa siku moja. Tunakabidhi. Ikibanduka kwa Stella, ni shauri la Stella."

Stella ndiye aliyechaguliwa kupokea mashine. Alikuwa rafiki wa Restuta, na mashamba yao ya mwani yalipakana.

"Baba Theresia, unasikia unachosema?"

Jerome alijifuta jasho tena. Alitazama chini. Naye alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu husema mengi.

Restuta alichukua kipande cha rangi kilichobanduka, akakifunga kwenye karatasi, akatoka.

Kando ya barabara kuu lilikuwepo duka la vipuri la Gulamabbas. Mzee Gulamabbas alikuwa amezeeka, haji tena dukani. Biashara iliendeshwa na binti yake, Bi Sakina. Yeye mwenyewe alikuwa na wajukuu sasa, lakini mikono yake ilijua kufungua mashine tangu akiwa msichana.

"Shikamoo, Bi Sakina."

"Marahaba, mama Theresia. Mbona uso umekusawijika? Nani mgonjwa?"

Restuta alifungua karatasi juu ya meza. Bi Sakina alichukua kile kipande cha rangi, akakigeuza. Kisha akafanya jambo ambalo Restuta hakulitegemea. Alikipeleka puani, akanusa.

"Ala! Papa huyu!"

"Ndiyo, Bi Sakina. Tunapaka mafuta ya papa kila Ijumaa."

"Mashine ya chuma mnaipaka mafuta ya papa?"

"Kikundi kizima. Tangu mashine ilipokuja, miaka minne sasa."

Bi Sakina aliweka kipande chini, akacheka hadi akashika mbavu. Halafu aliona macho ya Restuta yamejaa machozi, akaacha kucheka.

"Nisamehe, mama. Kaa hapo kwenye kreti. Mbao hunywa mafuta, sivyo? Mafuta yanaingia ndani ya mbao, maji yanakosa nafasi. Lakini mguu wa mashine ni alumini. Alumini hainywi kitu. Mafuta yanabaki juu. Ukipaka rangi, rangi inashika mafuta, haishiki mashine. Ikiguswa na maji, inaondoka."

"Na ule unga mweupe?"

"Ndiyo kutu ya alumini. Chumvi imepita penye mkwaruzo, ikaingia chini ya rangi. Sasa niambie, mmepaka rangi gani?"

"Nyekundu. Ya tumbo la boti."

Bi Sakina alisimama. "Lahaula! Ile yenye shaba?"

"Sijui kama ina shaba."

Bi Sakina alitoa mkebe kwenye rafu, akaugeuza. "Soma hapa."

Restuta alisoma polepole. Alikuwa amejifunza kusoma ukubwani, kwenye darasa la jioni. Palikuwa na lugha nyingi kwenye mkebe ule, na maneno ya Kiswahili yalikuwa madogo. "Rangi hii ina shaba. Usipake kwenye alumini."

"Shaba na alumini vikikutana kwenye maji ya chumvi, alumini inaliwa," alisema Bi Sakina. "Rangi hiyo itoke yote, upesi. Na kile kipande cha kijivu pembeni, mmekifanyaje?"

"Kile kilichokuwa kimelikalika? Mume wangu alikionea huruma. Alikipaka mara mbili."

"Toba! Ile ni zinki. Kazi yake ni kuliwa. Chumvi inakula zinki, inaacha mguu. Ukiifunika kwa rangi, chumvi itakula nini?"

"Mguu," alijibu Restuta. Alishika ukingo wa meza. "Bi Sakina, niambie ukweli. Mashine imekufa?"

"Sijui. Nikifunga duka nitakuja niitazame."

Restuta alirudi nyumbani. Hakuweza kula. Kila pikipiki ilipopita alichungulia dirishani.

Bi Sakina alifika jioni na mkoba wa bisibisi. Kwanza aliutenga mpira wa mafuta ya petroli na mashine. Akatoa waya wa plagi, ili mashine isije ikawaka mtu akiigusa. Kisha alilegeza skrubu ndogo chini ya mguu.

"Humu mna oili ya gia," alisema. "Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameshaingia ndani. Hapo tuna msiba. Ikitoka kama oili, mguu haujatoboka."

Jerome alishika taa. Aliisogeza karibu na skrubu. Theresia alijificha nyuma ya mama yake. Tone likajikusanya kwenye tundu. Likakua. Likaanguka kwenye kidole cha Bi Sakina.

Lilikuwa jeusi.

"Alhamdulillahi," alisema Bi Sakina, akakaza skrubu.

"Asante Mungu," alisema Restuta. Alikaa sakafuni palepale.

"Msishangilie bado. Kazi ipo. Mkiikimbiza, itabanduka tena. Wiki hii ni maji mafu, bahari haikupwi sana, hamwendi shambani. Ni bahati yenu."

Kazi ilianza Jumatano asubuhi, uani. Restuta alitaka wafanyie jikoni, kwenye kivuli na pasipo vumbi. Bi Sakina alimkatalia. "Petroli, thina na rangi havikai nyumba moja na moto. Tena mvuke wa thina unalevya. Kaeni nje, na mtoto akae mbali."

Walitandika turubai, wakaweka mashine juu ya kigoda. Waliiosha kwa sabuni na maji ya kisima. Halafu Restuta alifuta mguu kwa thina, ile ya kuyeyushia rangi, kwa vitambaa vyeupe. Alifuta upande mmoja tu, toka juu kwenda chini, na kitambaa kikichafuka alichukua kingine.

"Mafuta yaondoke kwanza, msasa baadaye," Bi Sakina aliwaonya. "Ukianza na msasa unayasukuma mafuta ndani ya mikwaruzo."

"Nitajuaje yamekwisha?"

"Mwagia maji safi. Maji yakijikunja matone matone, mafuta yapo. Yakitandaa kama shuka, pasafi."

Restuta alimwagia. Maji yakajikunja matone. Alifuta tena. Matone. Alifuta mara ya tatu, vidole vikamwasha, Jerome akamletea glovu. Matone yalibaki karibu na propela. Mafuta ya miaka minne hayatoki kwa dakika tano, jamani. Mara ya tano maji yalitandaa. Jerome alipiga makofi peke yake.

Alhamisi walipiga msasa. Ile rangi ya shaba ni sumu, kwa hiyo walilowesha msasa ili vumbi lisiruke, na wakafunga barakoa. Jerome alileta brashi ya waya wa chuma. Bi Sakina, aliyepita kwenda dukani, alimnyang'anya.

"Chembe za chuma zitabaki kwenye alumini, zitaanzisha kutu nyingine. Msasa tu, baba. Anza na mgumu, malizia na laini."

Maji machafu hawakuyamwaga. Waliyaacha yakauke juu ya turubai, wakafunga uchafu wake kwenye mfuko, mbali na kisima na mbali na pwani wanakolima mwani. Jioni mguu ulikuwa mweupe wa fedha, na vishimo vyote vilionekana. Vilikuwa vingi, lakini vya kina kifupi. Zinki nayo ilisafishwa mpaka ikabaki tupu.

"Kesho praima, ile rangi ya chini," alisema Restuta.

Kesho yake ilinyesha mvua. Ikanyesha na Jumamosi. Ikanyesha na Jumapili. Restuta alikwenda kanisani na kurudi, na hakukumbuka padri alisema nini. Alikaa mlangoni akitazama maji yakitiririka batini. Zilibaki siku sita.

"Tupakie ndani, milango wazi," alisema Jerome. "Siku zinakwisha!"

"Hewa ina unyevu. Bi Sakina amesema praima haishiki penye unyevu."

"Bi Sakina hakabidhi mashine Jumamosi. Wewe ndiye unayekabidhi!"

Restuta alimwacha aseme. Alijua hofu ile, kwani yeye pia alikuwa nayo kifuani.

Jumatatu jua lilitoka. Umande ulipokauka walipiga msasa laini tena, kwa sababu alumini ikikaa wazi hujivika utando mwembamba. Wakafuta kwa thina. Wakaziba kwa karatasi na utepe wa gundi mahali pasipotakiwa rangi: zinki, tundu la kuingizia maji ya kupoozea, tundu la kutolea maji, na mhimili wa propela. Kisha Bi Sakina alifungua praima.

"Hii ni praima ya alumini. Si ile nyekundu ya mageti. Praima ndiyo inayoshika mashine, na rangi inashika praima. Soma mkebe, changanya kama ilivyoandikwa. Paka nyembamba."

Restuta alipaka mwenyewe. Mkono wake ulikuwa mzito mwanzoni, ukazoea. Jumanne alipaka rangi ya mashine, nyeusi, asubuhi na alasiri. Jumatano alipaka mkono wa mwisho. Ilipendeza kweli. Jerome alizunguka mashine mara mbili na mikono nyuma, kama mkaguzi.

"Imekwisha!" alisema. "Na siku tatu zimebaki."

Restuta alikuwa anasoma mkebe. Alisoma mara mbili, uso ukabadilika.

"Baba Theresia. Hapa wanasema rangi ikae siku tano kabla ya kuingia kwenye maji ya bahari."

Siku tano ziliishia Jumatatu. Makabidhiano yalikuwa Jumamosi, na ule mzunguko wa baharini.

"Siku mbili tu," alisema Jerome. "Nani atajua?"

"Mimi nitajua."

Jumamosi akina mama walikusanyika ufukweni tangu asubuhi. Khanga mpya zilimeta. Stella alikuwa amepaka hina. Jerome alileta mashine begani, Restuta akaifunua. Vigelegele vilipaa.

"Haya, ifungeni kwenye boti!" aliita mmoja.

Restuta alisimama mbele ya mashine.

"Naomba isiingie majini leo. Rangi haijakomaa. Mpaka Jumatatu."

Manung'uniko yakaanza.

"Tumevaa bure?"

"Si niliwaambia, watu wa bara!"

Bi Somoe alijongea na fimbo yake. Aliinama kuitazama mashine kwa karibu. "Na hapa mbona hamkupaka? Mmeishiwa rangi?"

"Hiyo ni zinki, Bi Somoe. Ndiyo inayoliwa na chumvi badala ya mguu. Haipakwi chochote."

"Na kwa nini mlipaka rangi mpya? Ya zamani ilikuwa na nini?"

Hapo ndipo Restuta alipopaogopa usiku na mchana. Alimtazama mama huyu aliyemtetea. Angeweza kusema "ilichakaa tu", yakaisha. Lakini Ijumaa ijayo Stella angechukua chupa ya mafuta, na kazi yote ingeharibika.

"Ilivimba, chumvi ikala mguu. Tukapaka rangi ya boti, tukazidi kuharibu. Hilo kosa letu, mimi na mume wangu." Akameza mate. "Lakini rangi haikushika kwa sababu ya mafuta ya papa. Yanafaa mbao. Mashine hayaifai."

Kila mtu alijua mafuta ya papa yalikuwa amri ya nani.

"Mafuta ya papa," alirudia Bi Somoe. "Na nani aliwaambia mpake?"

"Sote tulipaka, Bi Somoe."

"Sikuuliza nani alipaka. Nimeuliza nani aliwaambia."

Restuta alishika upindo wa khanga yake. Machozi yalimtoka.

Bi Somoe aliwageukia wanachama. "Ni mimi. Nilisema akiharibu mnilaumu mimi. Basi nilaumuni, maana niliyeharibu ndiye mimi mwenyewe, miaka minne, kila Ijumaa!" Akagonga fimbo mchangani. "Na huyu mtu wa bara ndiye ameiokoa. Tutazunguka Jumatatu. Asiyetaka abaki nyumbani na khanga yake."

Mtu mmoja alicheka, kisha wote wakacheka. Stella alimkumbatia Restuta mpaka hina ikamchafua blauzi.

Jumatatu walizunguka mara mbili, moja ya sherehe na moja ya fidia.

Sasa imepita miezi sita. Kila wakirudi baharini, Stella huiosha mashine kwa maji baridi ya kisima na kuifuta kwa kitambaa kikavu. Zinki imelika nusu, na mpya imeshanunuliwa kwa Bi Sakina, inasubiri. Mguu ni laini, hauna lengelenge hata moja. Chupa ya mafuta ya papa ipo ndani ya boti. Restuta ameiandika kwa mkono wake: KWA MBAO TU.

Ijumaa iliyopita Bi Somoe alipita nyumbani kwa Stella bila hodi ndefu. Alifunua khanga ya mashine, akainama kwa shida, akasogeza pua kwenye mguu. Akanusa upande huu, akanusa upande ule.

"Hainuki kitu," alisema, akaifunika vizuri, akaomba chai.